Mwenyi kuongoza mukutano asishike upande

Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wapya wa harakati yetu, mwisho wa siku ya mafundisho juu ya mikutano. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Najua mumechoka. Muko hapa tangu asubui, viti ni vya mbao, na jua la saa tisa linaingia na dirisha. Sitasema maneno makubwa. Nataka tuzungumuze juu ya kazi moja ndogo, kazi ambayo hakuna mutu anayeikimbilia, na siku inafanywa vibaya watu wanarudi ku nyumba bila kujua ni nini kiliharibika. Ni kazi ya mwenyi kuongoza mukutano. Kwa Kifaransa tunamuita modérateur, wengine wanasema facilitateur. Mimi nitasema muongozi, iishe.

Lakini musisikie "muongozi" mukafikiri shefu. Sisi tulisema hapa kwetu hakuna shefu, hakuna prezida. Ni vizuri. Ila mutu anaweza kuwa shefu bila kuvaa kofia ya shefu. Anakaa mbele, anashika biki, anachagua nani aseme na nani anyamaze, na saa mbili nyuma uamuzi unatoka sawasawa na vile alivyoutaka yeye tangu nyumbani kwake. Hakuna mutu alimuchagua. Hakuna mutu anaweza kumutoa, sababu hana cheo. Shefu wa namna ile ni mubaya kuliko shefu mwenyi kujulikana.

Najua, sababu nilikuwa yeye.

Miaka fulani nyuma, tulikuwa tunapanga kwenda kukaa chini mbele ya biro moja juu ya maji. Shida ya maji munaijua. Mama anaamuka saa kumi ya usiku na bidoni ya litre 20, ziwa liko pale linatuangalia, na robine ya kartie inatoa upepo. Tulikuwa karibu watu makumi ine mu sale ndogo ya kuazima. Siku ile mimi njo nilikuwa muongozi. Na nilikuja na wazo langu tayari mu mufuko: twende siku ya kwanza, saa mbili ya asubui, wakati wakubwa wanaingia ku kazi. Lilikuwa wazo nzuri. Na shida ilikuwa pale pale: lilikuwa nzuri, na lilikuwa langu.

Nyuma kabisa, karibu na mulango, kulikaa dada mumoja. Kazi yake ni kuuzisha chai na mandazi, asubui, kando ya ile biro yenyewe. Aliinua mukono. Nikamuambia: "Dada, ngoja kidogo." Nikampa nafasi kamarade mumoja wa iniversite, anayejua kusema, na ambaye nilijua ataunga mukono wazo langu. Yule dada aliinua mukono mara ya pili. Nikasema saa inaenda, tufupishe. Mara ya tatu nilimuona, wandugu. Nilimuona vizuri. Nikageuza macho. Nikauliza kwa sauti: "Tuko pamoja?" Watu wakapiga mikono. Nikasema: "Basi, imepita."

Siku ya kwanza, tulifika tisa. Ku watu makumi ine waliopiga mikono, tisa. Na hata mbele ya kufungua banderoli, tuliona polisi wanatoka nyuma ya ile biro, wamepanga mistari, wengi kweli. Walikuwa wanamaliza parade. Saba kati yetu tulilala mu kasho usiku mbili. Yule dada alikuwa kati ya wale saba. Hakukubali ile siku, lakini alikuja, sababu alisema uamuzi wa wote ni uamuzi wa wote. Mutoto wake wa miezi tisa alibaki kwa jirani, na alikuwa hajaacha kunyonya.

Tulipotoka, tulitembea pamoja mpaka ku rond-point. Akaniambia polepole: "Yaya, kila siku ya kwanza wanafanyaka parade pale. Mimi njo ninawauzishiaka chai. Nilitaka kusema twende siku ya pili. Ilikuwa dakika moja tu."

Hakunitukana. Ingekuwa afazali anitukane.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya ile dakika moja. Na ninataka kuwapa yale niliyoyapata, ili ninyi musiyanunue kwa bei ile.

Jambo la kwanza. Watu wanasema: muongozi asiye na upande, maana yake ni mutu asiye na mawazo. Hapana. Mutu asiye na mawazo juu ya maji, juu ya barabara, juu ya usalama, anatafuta nini mu harakati? Muongozi ana mawazo kama wote. Kutokuwa na upande ni kazi unayoishika kwa saa mbili, kisha unaiweka chini. Muangalie mutu wa chukudu anateremusha viazi. Ile mizigo si yake. Hafungui mufuko, hachagui kiazi kinene na kidogo. Kazi yake ni kuifikisha yote ku soko, bila kuacha kimoja mu njia. Muongozi anabeba maneno ya watu namna ile. Yote yafike.

Jambo la pili, na najua wengi wenu munalo mu kichwa: "Kamarade, sisi tulikuja hapa sababu tuko na upande. Tuko upande wa raia. Namna gani unatufundisha kukaa katikati?" Swali nzuri. Jibu langu ni hili. Inje, mbele ya mwenyi kunyanyasa raia, hatuko katikati, na mutu asitudanganye. Lakini ndani ya mukutano, kati ya kamarade na kamarade, muongozi hana rafiki na hana adui. Anaweka upande wake chini ili harakati nzima ipate kuwa na upande mumoja wa kweli. Usipofanya vile ndani, inje mutafika tisa.

Sababu uamuzi wetu si kama uamuzi wa watu wanaochagua rangi ya mupira. Sisi tukiamua, kuna mutu atalala mu kasho. Kuna mutu atakosa mutihani. Mama wa mutu atapata shinikizo la damu. Mutu anaweza kuvumilia vile kwa uamuzi aliouzaa yeye pamoja na wengine. Kwa uamuzi alioletewa, anapiga mikono mu sale, halafu asubui anazima telefone. Musimuite muoga. Uliza kwanza kama alipewa dakika yake.

Wakubwa wetu mu inchi hii walijifunza jambo hili kwa bei kali zaidi. Mapatano ya Lusaka ya mwaka wa 1999, wakati vita vilikuwa vimekata Congo vipande, yaliandika kama mazungumuzo kati ya Wacongomani yatakuwa na facilitateur asiye na upande. Alichaguliwa Ketumile Masire, aliyekuwa raisi wa Botswana. Lakini serkali ya Laurent-Désiré Kabila haikumukubali, na mu mwezi wa sita 2000 ilifunga biro yake ya Kinshasa. Kazi ilianza kutembea nyuma ya kifo cha Mzee Kabila, mu mwezi wa kwanza 2001. Mu mwezi wa kumi wa mwaka ule walikutana Addis-Abeba: feza zilikosa za kuleta wajumbe wote, na nyuma ya siku chache mukutano ukavunjika. Wengine walilaumu pia kama Masire hasemi Kifaransa, lugha ambayo wajumbe walikuwa wanabishania ndani.

Walianza tena Sun City, Afrika ya Kusini, tarehe 25 mwezi wa pili 2002, na wakakaa zaidi ya majuma saba. Mwishoni, serkali na MLC ya Jean-Pierre Bemba walipatana wao kwa wao, kando. RCD-Goma na UDPS wakabaki inje ya mapatano yale. Hayakusimama. Ilibidi kazi iendelee na watu wengine, kati yao Moustapha Niasse aliyetumwa na Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika ya Kusini, mpaka mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 2002. Yale njo yalizaa serkali tuliyoiita 1+4.

Sisemi ile serkali ilikuwa nzuri. Wazazi wenu watawaambia. Ninasema mutazame namna kazi ya muongozi inavyoweza kukwama. Mwaka wa kwanza ilikwama sababu upande mumoja haukumukubali. Addis ilikwama sababu watu hawakuwa mu sale. Sun City ilikwama sababu maneno makubwa yaliamuliwa ku kuluari, si ku meza. Mambo hayo matatu yanatokea pia mu mukutano wetu wa watu kumi na tano, siku ya posho, nyuma ya parokia.

Mufano mwingine muliuona wenyewe, hata kama mulikuwa wadogo. Mwaka wa 2016, mandat ya Joseph Kabila ilikuwa inaelekea mwisho na kura hazionekani. Umoja wa Afrika ulimutuma Edem Kodjo, zamani waziri wa kwanza wa Togo. Sehemu kubwa ya upinzani ilimukataa, ikisema anaegemea. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 18 mwezi wa kumi, na wale waliokuwa inje hawakuyatambua. Kisha maaskofu wa CENCO wakachukua ile kazi, na tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili kukatoka mapatano mengine, ya Saint-Sylvestre. Maaskofu walikuwa na mawazo yao, walikuwa wameyasema mara mingi mbele ya inchi yote. Lakini pande zote zilikubali kukaa mbele yao. Na mu mwezi wa tatu 2017, walipoona wenyewe wa maneno hawasogei, waliacha ile kazi.

Mule kuna masomo mawili. La kwanza: barua ya kukutuma haikufanyi kuwa mutu asiye na upande. Wale waliokaa mbele yako njo wanakupa ile heshima, na njo wanaweza kuikamata. La pili: muongozi hawezi kutaka mapatano kuliko wenyewe wa mapatano. Anafungua mulango. Kutembea ni kwao.

Sasa tuje ku kazi yenyewe, ya mukono. Mushike biki.

Mbele ya mukutano, muongozi anauliza: tunakutana juu ya nini, na nani jambo hili litamuuma? Kama munazungumuza juu ya wamotari na hakuna motari mu sale, mukutano haujaiva. Muuachilie mpaka siku nyingine ao mumutafute. Angalia pia saa. Ukiweka mukutano saa kumi na mbili ya magaribi, wadada wengi hawatakuja, ao watakuja na kutoka mbele ya uamuzi, sababu njia si salama. Utasema "wadada hawajali". Hapana, saa yako njo haiwajali.

Orodha ya mambo muiandike wote pamoja, mwanzo wa mukutano, ku ubao ao ku karatasi kubwa. Muongozi akija na orodha yake tayari, ameshaamua nusu. Na mukubaliane mapema lugha gani. Nimeona mikutano inaanza mu Kiswahili, kisha jambo likiwa kali watu wanarukia Kifaransa cha iniversite, na mama wa soko anabaki anatazama midomo. Muongozi anasimamisha, anasema: "Kamarade, rudia mu Kiswahili." Bila hasira. Hata kama yule anayesema ni rafiki yake.

Wakati wa mukutano, andika majina ya wenyi kuinua mukono, kwa mustari, na usome ule mustari kwa sauti ili kila mutu ajue zamu yake. Mutu ambaye hajasema hata mara moja anapita mbele ya yule aliyesema mara tatu. Kila mutu dakika mbili. Telefone yako iko na saa, itumie, na uitumie hata kwa wewe mwenyewe. Mutu akimaliza kusema maneno marefu, rudia kwa ufupi: "Nimesikia unasema hivi na hivi. Ni kweli?" Kama anasema hapana, umuache asahihishe. Usitie chumvi yako.

Hapa kuna ujanja, na nitausema sababu niliutumia. Mutu anaweza kuonekana katikati na kumbe anasukuma. Anauliza: "Nani anakataa jambo hili nzuri?" Anarudia maneno ya upande wake vizuri, na ya upande mwingine anayakata mukia. Anawapa wale wa upande wake kusema mwisho, sababu maneno ya mwisho njo yanabaki mu masikio. Mutu akisema jambo asilolipenda, anacheka kidogo tu, na sale yote inacheka. Mukiona muongozi anafanya vile, musingoje mukutano uishe. Inua mukono useme: "Kamarade muongozi, tunaomba urudi katikati." Tukubaliane leo kama ile si matusi. Ni musaada.

Na kama wewe muongozi roho inakuchoma? Itakuchoma, sababu wewe si jiwe. Basi toka ku kiti. Sema mbele ya wote: "Kwa jambo hili niko na upande. Nani anaweza kuongoza mahali pangu?" Uende kukaa na wengine, uinue mukono, ungoje zamu yako. Usirudi ku kiti mpaka jambo lile limalizike. Ni kitu kidogo, dakika moja. Mimi kama ningekifanya siku ile ya maji, yule dada angesema.

Halafu uamuzi. Wandugu, tuache kuamua kwa kupiga mikono. Watu wanapiga mikono sababu jirani anapiga, sababu wana njaa wanataka kwenda, sababu hawataki kuonekana waoga. Muongozi asome pendekezo polepole, mara mbili. Kisha aulize: "Nani anaona hatari ambayo hatujaisema?" Na anyamaze. Ahesabu mu roho mpaka kumi. Mule ndani ya kimya njo munatoka maneno ya kweli. Mutu mwenyi haya anahitaji hesabu ya saba, ya munane, ndipo afungue kinywa. Muongozi mwenyi kuogopa kimya anaua mukutano.

Kama jambo lenyewe linaweza kutupeleka mu kasho, kila mutu ajibu yeye mwenyewe: "Niko", "Siko", ao "Niko lakini nina wasiwasi huu". Mwenyi kusema "siko" asichekwe, asiulizwe mara mbili mbele ya watu. Kuna kazi ya kubaki inyuma: kubeba chakula ku kasho, kuita avoka, kuchunga watoto wa walioenda. Afazali kujua usiku kama tuko tisa, kuliko kujua asubui ku barabara.

Ku mwisho, raporo. Andika tuliamua nini, nani anafanya nini, mpaka siku gani. Usiandike nani alipinga nini. Ile karatasi inaweza kuanguka mu mikono ya mutu mwingine. Na uamuzi ulioamuliwa mu sale usibadilishwe usiku wa manane mu WhatsApp na watu watatu wenyi kuwa na megabaiti. Kama kitu kimebadilika, tuitane tena. Group ya WhatsApp ni mahali pa kutoa habari. Haina macho, haina ule mukono wa nyuma karibu na mulango.

Nimesema sana juu ya kukaa katikati. Sasa niseme mahali ambapo katikati inaishia. Muongozi hana upande kati ya mawazo. Lakini kwa sheria za mukutano, ana upande, na ni upande mukali. Mutu akitukana kabila la mutu, muongozi hasemi "tusikilize pande zote". Anamusimamisha pale pale. Hapa kwetu maneno ya kabila yanaanza kama mchezo na yanaisha na makaburi, munajua. Mutu akimutisha mwingine, ao akimuambia dada "wewe nyamaza, hii ni mambo ya wanaume", anamusimamisha. Na kama kuna feza ndani, mutu wa politiki ametuma transport ya mukutano, ao amelipa ile sale, muongozi anasema mbele ya wote nani alitoa na kiasi gani. Muongozi mwenyi kujua na kunyamaza, huyo ameshachagua upande.

Na tusimuache mutu mumoja ashike ile kazi miaka yote kwa sababu "anaijua". Leo huyu, juma lijalo mwingine. Mutaona mwanzo mikutano inakuwa mirefu, watu wanakosea, majina yanasahauliwa ku orodha. Vumilieni. Mutu aliyeongoza mukutano mara moja, siku nyingine akikaa na wengine anakata maneno yake yeye mwenyewe, sababu amejua namna saa inavyouma. Tena ni ulinzi. Siku watamukamata yule mumoja mwenyi kujua, mikutano itaendelea.

Inchi hii imejaa watu wanaongojea mukubwa atoke Kinshasa, ao facilitateur ashuke na ndege, ili atufundishe kuzungumuza sisi kwa sisi. Tumeona wengi wamekuja, wengine walifanya kazi nzuri, wengine walirudi. Mimi naamini kijana anayejua kuongoza mukutano wa watu kumi na tano mu kartie yake, bila kushika upande, bila kumusahau mutu ku mulango, ameshaanza ile kazi hapa chini. Tunaulizaka wakubwa watusikilize. Tujiulize kwanza kama sisi tunasikilizana.

Namaliza. Najua mutaniuliza: yule dada alienda wapi? Aliacha kuja karibu miezi tatu. Nilienda kwake, nikamuomba musamaha, akaniambia musamaha nimekupa, lakini ku mikutano sirudi kama wewe ungali mbele. Nikatoka mbele. Akarudi. Leo yeye ni kati ya wale wanaobadilishana kuongoza, na wale waliokuwa mu mukutano wa siku ya posho iliyopita waliona: nilikuwa nasema juu ya barabara, maneno yangu yalikuwa matamu kweli, niko katikati ya mufano wangu wa pili, akainua telefone yake juu, akasema: "Yaya, dakika mbili zako zimeisha."

Nikakaa.

Sasa tuchague nani ataongoza mukutano wa juma lijalo, na ninaomba mwenyi hajaiongoza hata siku moja ainue mukono. Mimi nitahesabu mpaka kumi.